Adabu za Sebuleni na Majabali ya Hajar

Mhadhara uliotolewa Maskati mbele ya hadhira ya wazungumzaji wa Kiswahili



Walionialika waliniomba nizungumze juu ya vifaa: viatu gani vinafaa, begi gani la mgongoni halikati mabega, hema la namna gani. Nitayagusa hayo, lakini kwa ufupi, kwa kuwa muuza duka yeyote wa vitu vya michezo hapa Maskati atawaeleza vizuri kuliko mimi, na atawaeleza bila haraka mpaka mfike kwenye bei. Mimi nimekuja na jambo jingine. Kwa jinsi ninavyoona, kinachowaponza watu wetu kwenye majabali ya Hajar, wanapokwenda kwa makundi, mara nyingi si jua wala jiwe wala nyoka. Ni adabu. Ni ile adabu yetu nzuri ya sebuleni: kumwachia mkubwa aamue, kutosema umechoka mbele ya wageni, kutomuuliza mwenyeji kama maji yanatosha asije akaona umemdharau. Sebuleni adabu hiyo ni pambo la mtu. Jabalini saa sita mchana inaweza kumlaza mtu chini, na wenzake wote wamemzunguka kwa heshima kubwa.

Niwape kwanza sura ya mahali, maana najua wamo humu waliofika juzijuzi kutoka Unguja, Mombasa na Bujumbura, ambao majabali haya wameyaona kwa dirisha la gari tu. Safu ya Hajar inaanzia Musandam, kwenye mlango wa Hormuz, inashuka nyuma ya pwani ya Batina, inapita nyuma ya mji huu tulioketi, na kuishia upande wa Ras al Hadd: mwendo wa kilomita 700 hivi. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Jebel Shams, kina kama mita 3,000, yaani nusu ya Kilimanjaro na ziada kidogo. Nimewasikia vijana wakikidharau kwa hesabu hiyo. Hesabu ni sahihi, dharau ndiyo si sahihi. Kilimanjaro unaanzia msituni, kwenye ukungu, vijito vinapita kando ya njia, na pamoja nawe wapo wapagazi waliobeba hema, chakula, na wakati mwingine mpaka meza na viti. Huku mpagazi ni mgongo wako mwenyewe. Mvua ya Maskati kwa mwaka mzima ni milimita 100 hivi. Unguja hupata zaidi ya mara kumi ya hiyo. Kule juu kwenye uwanda wa Saiq inanyesha zaidi kuliko hapa chini, ndiyo maana wana makomamanga na mawaridi, lakini mtu anayepita njiani hakuti kijito cha kunywa. Anakuta korongo kavu lenye mawe meupe.

Mawe yenyewe yametoka baharini. Mengi ya majabali marefu ni chokaa iliyojengeka chini ya maji zamani sana, na ukiinama utaona alama za makombe na viumbe vya pwani mita elfu mbili juu ya pwani. Upande wa Samail jiwe ni jeusi au la rangi ya kutu, na hilo ni sakafu ya bahari yenyewe iliyosukumwa ikapanda juu ya nchi kavu. Hakuna mahali duniani inapoonekana kwa ukubwa kama hapa, na wanajiolojia huja kuitazama kama watu wanaozuru. Kwa mtembeaji maana yake ni nyepesi: chokaa ina makali na inakula soli za viatu, na jiwe jeusi linashika joto mpaka usiku. Miti ya chini ni migunga na mikunazi. Ukivuka mita 2,000 unakuta mizeituni ya porini na mitarakwa, ndugu wa ile ya nyanda za juu za Kenya, mizee, imepinda, na kila mmoja uko mbali na mwenzake. Huwezi kupanga safari kwa kutegemea kivuli chake.

Msimu wetu ni Oktoba hadi Aprili. Anayewaalika kutembea Julai mwambieni hapana, hata kama ni shemeji. Mnamo Juni 2018, pale Qurayyat, pwani kusini-mashariki ya hapa, joto lilikaa zaidi ya siku mbili, mchana na usiku, bila kushuka chini ya nyuzi 41.9, na dunia nzima iliandika habari hiyo. Upande wa pili, usiku wa Januari juu ya Jebel Shams unaweza kushuka chini ya sifuri. Mtu anayeondoka Maskati na fulana moja kwa sababu hapa nyumbani kiyoyozi bado kinafanya kazi, atakesha.

Sasa niingie kwenye kundi.

Kijiji cha Al Khitaym kiko juu ya ukingo wa Wadi Nakhr, bonde ambalo ukuta wake unashuka karibu mita 1,000. Hapo zinaanza njia mbili zenye alama za rangi kwenye mawe, mistari ya njano, nyeupe na nyekundu. Ya kwanza, inayoitwa W6, inafuata ukingo wa bonde kwa ndani, karibu tambarare, mpaka As Sab, kijiji kilichohamwa, nyumba zake zimebanwa chini ya mwamba na vipando vya ngazi mbele yake. Mtu wa kawaida huenda na kurudi kwa saa tatu nne pamoja na kupumzika. Ya pili, W4, inapanda mpaka kilele cha kusini, na hiyo ni kazi ya kutwa nzima bila tone la maji njiani. Zinaanza karibu karibu. Na ndipo ninapoona makundi yakivunjika hata kabla ya kutoka. Watu kumi na wanne wamekuja kwa ajili ya W6, wengine na watoto. Vijana watatu wanainua macho, wanaiona ile nyingine, wanasema, "Sisi tunajaribu kidogo tu, tutarudi." Hakuna anayewazuia, kwa sababu kuwazuia ni kama kuwaambia hawawezi. Hakuna anayeuliza wana chupa ngapi, kwa sababu ni watu wazima. Wanaondoka. Saa tisa alasiri wale kumi na mmoja wamesharudi, wamekula, watoto wanalia, na hakuna ajuaye kama wangoje au wawafuate.

Hao vijana hawana kosa la pekee. Kundi zima halikuwahi kuwa kundi. Lilikuwa watu waliofika kwa magari mamoja.

Msafara unaundwa kabla ya kutoka, na unaundwa kwa maji. Nimemwona kiongozi mmoja, mtu mzima wa Nizwa asiye na maneno mengi, akifanya hivi kila mara. Magari yakishasimama, anasema kila mtu aweke maji yake juu ya boneti la gari. Si kusema "ninayo", kuyaweka. Chupa zinapangwa pale, kubwa kwa ndogo, na kila mmoja anaona za mwenzake. Mwanamume mwenye kifua kipana ameweka chupa mbili za nusu lita. Bibi mmoja aliyekuja na wajukuu ameweka lita tano na pakiti ya chumvi. Hakuna aliyeaibishwa kwa maneno; boneti limesema. Kisha mzee anafungua buti, anatoa dumu la akiba, na kujaziana kunaanza kwa vicheko. Dakika kumi. Zile dakika kumi zimemwokoa mtu na haya ya kusema saa tano baadaye kwamba amekaukiwa.

Kiasi gani? Kwa siku nzima ya msimu wa baridi, mtu mmoja abebe lita nne au tano. Mtu anayepanda kwenye joto anaweza kutoa jasho la lita nzima kwa saa moja, na kiu huchelewa kubisha hodi. Lakini msiende upande wa pili pia. Anayekunywa maji matupu mfululizo bila kula chochote chenye chumvi anapunguza chumvi ya damu yake mpaka kichwa kinauma na tumbo linachafuka, na wenzake kwa huruma wanazidi kumnywesha. Beba tende, beba korosho za chumvi, beba ndimu ya kuloweka. Bibi yule alijua alichofanya.

Ugumu unakuja mnapotaka kulala huko. Lita moja ni kilo moja. Siku mbili za mtu mmoja, pamoja na kupika na kahawa ya usiku, ni kilo kumi na kitu kabla hujaweka hema, blanketi wala chungu. Vitabu vya wapanda milima wa Ulaya havina shida hii, kwao maji yanashuka kutoka thelujini. Sisi tuna elimu yetu, na inanishangaza kwamba hatuitumii. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ambayo babu za baadhi yenu waliifadhili na babu za wengine waliibeba mabegani, ilikuwa na kipande kikavu baina ya Ugogo na Unyamwezi kilichoitwa Mgunda Mkali. Walikivuka kwa telekeza. Asubuhi hawaondoki, wanakaa kwenye maji, wanapika, wanakula, wanakunywa mpaka basi, wanajaza vibuyu. Mchana ukishapinda ndipo wanapotoka. Wanatembea mpaka giza, wanalala pakavu bila kupika, wanaamka kabla ya alfajiri na kufika kwenye maji yanayofuata jua likiwa bado chini. Umbali wa siku nzima unagawanywa vipande viwili vya baridi, na katikati kuna usiku ambao mwili hauhitaji maji mengi.

Hesabu hiyohiyo inafaa hapa. Chukueni ile njia ya zamani ya punda inayopanda kutoka Misfat al Abriyeen kuelekea Sharaf al Alamayn, karibu mita 1,000 za kupanda. Wengi huianza saa mbili asubuhi na kuikuta saa sita mwilini mwao. Kaeni Misfat mpaka alasiri, kuleni chakula kizito kijijini, kunyweni, jazeni. Tokeni jua likishalainika, laleni sehemu tambarare juu, chakula cha usiku kiwe mikate na tende, na alfajiri mmalizie. Mzigo wa maji unapungua kwa kilo kadhaa kwa kila mtu, na hamjawahi kutembea chini ya jua la utosi.

Misafara hiyo ilikuwa na desturi nyingine ambayo ningependa tuiige. Kambi ya kwanza ilikuwa karibu sana na mji, pengine mwendo wa saa moja au mbili. Haikuwa uvivu. Ni usiku huo mtu aligundua amesahau kisu, kamba imekatika, mzigo umekaa vibaya, na kurudi kuchukua kilichobaki kulikuwa rahisi. Kundi lenu likiwa jipya, usiku wenu wa kwanza ulaleni mahali ambapo gari linaonekana. Mkishajuana nani anakoroma na nani hali samaki, nendeni mbali. Na mbele ya msafara alikuwapo kirangozi, kiongozi wa njia, na hapakuwa na mtu wa kumpita. Aliyempita alitozwa faini. Kijana mwenye mapafu mazuri aliyeko huko nyuma ananitazama vibaya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nimtetee kidogo anayechelewa. Mnatembea, wenye nguvu wanatangulia, wanafika kwenye kona, wanakaa kivulini kumsubiri wa nyuma. Wamepumzika dakika kumi na tano. Wa nyuma anatokea, amelowa, uso umewiva. Na wale wanasimama, wanapangusa suruali: "Haya, umefika, twende." Aliyechoka kuliko wote ndiye pekee asiyepumzika kutwa nzima, na kwa kuwa ana haya hasemi, anatabasamu na kuanza tena. Hilo hutokea katika karibu kila kundi nililotembea nalo, na wanaolitenda si watu wabaya. Dawa yake ni kumweka wa polepole wa pili kutoka mbele, nyuma ya kirangozi, na kirangozi asikilize pumzi yake. Nyuma kabisa awepo mtu mmoja imara ambaye kazi yake ni kuwa wa mwisho, asimpite mtu hata kwa mzaha. Mapumziko yanaanza kuhesabiwa wa mwisho akishakaa chini.

Kuna haya nyingine ambayo kwenye mikutano kama hii haisemwi, na mimi nitaisema kwa kuwa kina mama wamejaa hapa. Wanawake wengi katika makundi yetu hawanywi maji njiani kwa makusudi. Wanaogopa kwenda haja mahali pasipo na kichaka wala ukuta, na kundi lina wanaume, mashemeji, wakwe. Kwa hiyo chupa inarudi Maskati ikiwa imejaa, na mwenye chupa anarudi na kichwa kinachopasuka, akisema ni jua. Jambo hili linatatuliwa kwa sentensi moja ya kiongozi, isemwe pale kwenye magari, mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida: kila baada ya saa moja tutasimama, wanaume watasonga mbele mpaka nyuma ya kona, kina mama watabaki nyuma, na hatutaondoka mpaka waite. Basi. Mara tu likiwa kanuni ya msafara halimhusu mtu mmoja, na asiye na haja anapumzika. Makaratasi yafungwe mfukoni yarudi nyumbani. Jangwa haliozeshi kitu, na karatasi ya leo wajukuu zako wataikuta.

Sala nayo ni saa ya msafara. Mnaposimama adhuhuri, hesabuni watu, angalieni chupa, angalieni miguu. Msafiri amepewa ruhusa ya kufupisha na kujumuisha, na maji yakiwa haba amepewa tayamamu. Nimewahi kumwona mtu akitumia chupa yake ya mwisho kwa udhu, kwa nia njema kabisa, huku dini yenyewe imeshamfungulia mlango. Mashehe mlioko hapa mtanisahihisha nikikosea.

Na wakubwa. Hapa naomba radhi mapema. Mzee anapoongoza, vijana hawamkatalii. Anasema "bado kidogo tu," nao wanaona kabisa kwamba jua limeelemea magharibi, na wananyamaza. Desemba hapa jua linazama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, na kwenye korongo giza linatangulia. Kwa hiyo saa ya kurudi isiamuliwe jabalini, ambapo kila mtu ana sababu yake. Iamuliwe asubuhi, itajwe, na kijana mmoja akabidhiwe saa. Kwenye W4, kwa mfano, mkikubaliana kwamba saa sita mchana mtageuka popote mtakapokuwa, basi saa sita yule kijana anasema "saa sita", na mzee anageuka kwa heshima zake zote, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemkabidhi. Vilevile neno "turudi" liwe huru. Mtu yeyote, hata mtoto wa miaka kumi na miwili, akilisema, msafara unasimama na kumsikiliza, na halazimishwi kujitetea. Mara nyingi itatosha kupumzika na kula. Mara moja moja itakuwa ndiyo siku yenyewe.

Idadi nayo ina maana. Wasipungue wanne: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, wawili wanakwenda kutafuta msaada. Wakipita kumi na wawili inakuwa maandamano ya harusi, kila mtu anadhani mwenzake anajua njia. Mkiwa wengi gawaneni, kila kundi na kirangozi wake na mtu wake wa mwisho.

Mtamjuaje mtu aliyezidiwa na joto? Mwanzoni anachoka, anaumwa kichwa, anataka kutapika, anashikwa na misuli. Huyo mpeni kivuli, mlegezeeni nguo, anywe kidogo kidogo maji yenye chumvi na sukari, na kwake safari imekwisha. Lakini akianza kujibu ambacho hakuulizwa, akikasirika bila sababu, akiyumba, akisahau jina la mtoto wake, hiyo ni hatari ya kifo. Msisubiri jasho likauke, maana aliyepigwa na joto akiwa anatembea anaweza kuwa bado analowa. Mlowesheni maji mwili mzima, mpepeeni kwa chochote, kitambaa chenye maji shingoni na kwapani, na mmoja wenu apige simu hapo hapo. Maji mliyokuwa mnayaonea uchungu ndiyo ya kumwagia sasa.

Niseme na juu ya wadi, kwa kuwa ndiko familia nyingi zinakokwenda: Wadi Shab, Wadi Bani Khalid, mabirika ya kijani, kuogelea. Jabali la chokaa tupu halinywi mvua. Inayonyesha kilomita thelathini juu inashuka yote kwa pamoja, na nyinyi mlioko chini mbingu yenu ni ya samawati. Mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa tani. Haisukumi mtu tu, inasukuma mawe yenye ukubwa wa gari. Aprili 2024, katika Samad al Shan, mafuriko ya wadi yalichukua watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari, na nchi nzima ililia. Nyumbani kwetu Afrika Mashariki, Septemba 2019, watalii na mwongozaji wao walikufa kwa namna hiyohiyo ndani ya korongo la Hell's Gate, Kenya. Kwa hiyo utabiri mnaoutazama usiwe wa Wadi Shab mnakokwenda. Uwe wa majabali yaliyo juu ya Wadi Shab. Mkiwa ndani, maji yakibadilika rangi, yakianza kuleta majani na vijiti, au mkasikia ngurumo isiyokatika, pandeni kando papo hapo. Msikimbie kufuata wadi kuelekea kwenye gari, na begi liacheni. Hema kamwe lisisimamishwe kwenye mchanga laini wa katikati ya wadi, hata ukivutia vipi. Ule mchanga uliletwa pale na maji.

Tunapenda kusema tunakwenda porini. Lakini njia tunazozikanyaga zilijengwa na watu, jiwe juu ya jiwe, ili punda apite na tende na chumvi, na mwisho wake kuna kijiji chenye falaj, yaani mfereji wa maji. Mifereji mitano ya Oman iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006, na maelfu mengine bado yanafanya kazi bila kuwa katika orodha hiyo. Maji ya falaj yana utaratibu: mwanzoni ni ya kunywa, chini yake ya kuoga na kutawadha, ndipo yaende mashambani kwa zamu zilizopimwa. Kijana wa mjini anayetumbukiza miguu yenye jasho pale juu, kwenye mahali pa kuchotea, ameosha miguu ndani ya maji ya kunywa ya watu. Ulizeni kwanza. Vaeni nguo zinazofunika mabega na magoti, salimieni, msipige picha za kina mama walioko mferejini. Kwa desturi mtakaribishwa kahawa, na kwa desturi mtaikubali, hata kama ratiba imebana. Hapo adabu ya sebuleni irudi yote, sina ugomvi nayo.

Mbuzi wa Jebel Shams wanahitaji onyo lao peke yao. Watawafuata tangu kwenye magari, wapole, wenye macho ya yatima, na mtakapogeuka kutazama bonde watakuwa wamekula chapati pamoja na mfuko wake. Mifuko hiyo inawaua. Fungeni vyakula ndani ya begi.

Vifaa, kama nilivyoahidi, kwa ufupi. Viatu vyenye soli ngumu na vilivyokwishavaliwa nyumbani. Kofia pana na nguo ya mikono mirefu. Taa ya kichwani kwa kila mtu, hata kwa matembezi ya asubuhi. Filimbi. Ramani iliyopakuliwa kwenye simu kabla ya kutoka, kwa kuwa ndani ya mabonde mtandao hupotea, na simu ya pili iliyozimwa ndani ya begi ikiwa na chaji. Koleo dogo la kutolea miiba ya mgunga. Mengine ni starehe.

Oktoba imekaribia na najua simu zenu zimeshaanza kujaa mialiko. Wewe utakayeongoza, usikubali watu ambao hujaona maji yao. Wewe utakayealikwa, uliza saa ya kurudi kabla ya kuuliza mahali. Na nyote, kabla ya kuwasha gari, mwachieni mtu mmoja anayebaki nyumbani jina la njia, idadi ya watu na saa mtakayopiga simu. Mwambieni saa hiyo ikipita na hajawasikia, asione haya kuwasumbua polisi. Nambari yao ya dharura ni 9999.